Paa, Upepo na Jirani: Kujikinga na Joto Kali

Joto kali huua zaidi ndani ya nyumba kuliko juani. Hilo ndilo jambo la kwanza kulielewa, kwa sababu watu wengi wakisikia habari za joto linaloua humfikiria mkulima shambani au kibarua barabarani. Hao nao huumia, na habari zao zitakuja baadaye. Lakini wimbi la joto likipita mjini na hesabu ikafanywa, maiti wengi huwa wameokotwa vitandani na vitini, nyuma ya milango iliyofungwa.

Sababu iko mwilini. Mwili wa binadamu hujitahidi muda wote kubaki karibu na nyuzi 37 za Selsiasi. Hewa ikipanda joto, moyo husukuma damu nyingi zaidi kuelekea kwenye ngozi, na jasho linapokauka huondoka na joto. Kazi hiyo si ya bure: moyo unakwenda mbio, maji na chumvi vinapungua, figo zinaelemewa. Kijana mwenye afya huvumilia mchana wa namna hiyo, akapumzika usiku, akaamka na nguvu mpya. Usiku nao ukiwa na fukuto, mapumziko hayo hayapo. Mwili huingia siku ya pili ukiwa umechoka, na siku ya tatu ukiwa hoi. Kwa hiyo kinachoamua nani atapona mara nyingi ni chumba anacholala mtu, kuliko kiwango cha joto kilichotangazwa saa nane mchana.

Unyevu huongeza mzigo. Jasho lisilokauka halipozi mwili, hutiririka tu. Wataalamu hupima hali hiyo kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa kilichoroweshwa maji. Kipimo hicho kikifika nyuzi 35, hata mtu mzima mwenye afya, aliyekaa kivulini na maji ya kunywa mkononi, hawezi kudumu zaidi ya saa chache. Wazee, watoto wachanga, wajawazito na wagonjwa wa moyo huelemewa mapema zaidi. Ndiyo sababu nyuzi 33 za Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, wakati upepo wa kaskazi umelegea na hewa imejaa mvuke, zinaweza kumchosha mtu sawa na nyuzi 40 za nchi kavu.

Nchi mbili tajiri zilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mwezi Julai 1995, mji wa Chicago nchini Marekani ulipata siku chache za joto na unyevu uliokithiri, na watu zaidi ya 700 wakafa. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alizichunguza kata mbili zilizopakana, North Lawndale na South Lawndale, zenye wazee wengi wanaoishi peke yao na umaskini unaokaribiana. Kiwango cha vifo katika kata ya kwanza kilikuwa kama mara kumi ya kile cha kata ya pili. Maelezo yake ni kwamba South Lawndale ilikuwa na maduka yaliyo wazi na barabara zenye watu, hivyo mzee aliweza kutoka, akaingia dukani kwenye ubaridi, akaonana na watu. North Lawndale ilikuwa imebaki na viwanja vitupu na maduka yaliyofungwa, na wazee wake walijifungia ndani kwa kuogopa uhalifu. Miaka minane baadaye, Agosti 2003, Ufaransa ilipoteza watu karibu 15,000 katika wimbi moja la joto. Wengi walikuwa wazee, na uchunguzi ulionyesha kuwa waliolala katika vyumba vilivyo chini kabisa ya paa walikuwa hatarini zaidi kuliko wenzao.

Paa na upweke, basi. Kila hatua ya maana ya kujikinga na joto kali inaanzia kwenye kimoja kati ya hivyo viwili.

Katika Afrika Mashariki habari ya paa ni habari ya mabati. Bati lilishinda nyasi na makuti kwa sababu nzuri: halivuji, haliozi haraka, haliwaki moto kirahisi, na maji ya mvua yanayokingwa kwake ni safi kuliko ya paa la nyasi. Hakuna anayepaswa kumlaumu mtu aliyejinyima miaka ili aezeke bati. Lakini ni chuma chembamba kisichofika unene wa milimita moja, na hakizuii joto hata kidogo. Saa saba mchana, jua likiwa la utosi, uso wa bati unaweza kupita nyuzi 60, na joto hilo humshukia moja kwa moja aliye chini yake. Chumba kisicho na dari kinageuka tanuri hata kama mlango uko wazi. Jua likizama, bati lenyewe hupoa upesi. Tatizo linahamia kwenye kuta za matofali ya saruji na sakafu, ambazo zimelinywa joto mchana kutwa na sasa zinalitoa taratibu. Mtu akiweka kiganja saa nne usiku kwenye ukuta uliopigwa na jua la magharibi, atausikia bado una moto. Familia inayolala hapo inalala kati ya kuta zinazowapuliza joto hadi karibu na alfajiri.

Kuna mambo manne ya kufanya kuhusu paa, na la kwanza halina gharama yoyote kwa anayejenga sasa: rangi. Mabati ya rangi yanayopendwa siku hizi ni ya maruni, ya kijani kilichokolea na ya kijivu cha mkaa. Rangi hizo hufyonza sehemu kubwa ya jua linalozipiga. Bati jeupe au la rangi ya krimu hurudisha angani sehemu kubwa ya jua hilohilo, na dukani mara nyingi bei ni ileile. Fundi anayempeleka mteja kuchagua mabati angemfaa sana kwa kumwambia jambo hili moja kabla hajalipa.

La pili ni la mwenye paa ambalo tayari lipo. Hapa mfano bora unatoka Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat magharibi mwa India. Mwezi Mei 2010 joto la huko lilifika nyuzi 46.8, na vifo vya mwezi huo vilizidi vya kawaida kwa zaidi ya 1,300. Kati ya hatua zilizofuata ilikuwa kupaka chokaa nyeupe mapaa ya makazi ya watu wa kipato cha chini, mpango ulioanza mwaka 2017. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu. Paa hufagiliwa na kuoshwa, chokaa huchanganywa na maji na gundi kidogo ili ishike, kisha hupakwa kwa ufagio au brashi pana, mara mbili, kabla ya miezi ya joto kuanza. Chumba kilicho chini hupungua joto kwa nyuzi kadhaa. Mtu mwenye afya huenda asione ni tofauti kubwa, lakini kwa kichanga au bibi mgonjwa ni tofauti ya kupata usingizi. Ila chokaa ina mipaka yake. Hushika vizuri zaidi kwenye saruji kuliko kwenye bati laini, na mvua huisafisha, hivyo lazima irudiwe kila mwaka. Kwa nyumba inayokinga maji ya mvua kutoka kwenye paa, maji ya kwanza baada ya kupaka yaachwe yamwagike.

La tatu ni dari pamoja na matundu yake. Nyumba nyingi mpya zina dari ya jipsamu iliyonakshiwa vizuri, lakini nafasi kati ya dari na bati imezibwa pande zote. Hewa ya humo hupata moto mkali na kukosa pa kutokea, na dari yenyewe ikapashika na kulishusha joto chumbani. Matundu yaliyofunikwa kwa wavu, mengine chini ya upenu na mengine juu karibu na kilele cha paa, yanatosha kuifanya hewa hiyo izunguke: ya moto inapanda na kutoka, ya nje inaingia kuchukua nafasi yake. Hili ni jambo la siku moja kwa fundi, na si haki kwamba ramani nyingi hulisahau.

La nne limeonyeshwa na mwana wa kijiji kidogo cha Burkina Faso. Francis Kéré alizaliwa Gando, akasoma usanifu majengo Ujerumani, na akarudi kujenga shule ya msingi ya kijiji chake, iliyokamilika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, ambayo wanakijiji walishiriki kuyatengeneza. Dari nayo ni ya matofali, yenye nafasi za kupitisha hewa. Bati limeinuliwa juu ya dari kwa fremu nyepesi ya nondo, likaachwa lielee na kutokeza mbele ya kuta kama mwavuli mpana. Jua hulipiga bati, upepo hupita kati ya bati na dari na kulizoa joto, na watoto wanasoma chini wakiwa kivulini. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Bati lilelile linalolaumiwa kila mahali ndilo alilotumia, ila alilitenga na vichwa vya watoto.

Wajenzi wa pwani ya Waswahili nao walilijua joto kabla ya saruji kufika. Nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, mara nyingi karibu nusu mita. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba. Mitaa imebanwa makusudi, ukuta wa nyumba moja ukimpa kivuli mpita njia na ukuta wa jirani. Katika nyumba nyingi za Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi na moto wa kupikia upeperushwe na upepo. Hapo juu upepo wa bahari hufika, wakati vyumba vya chini hubaki na giza na ubaridi wa mchana.

Mpangilio huo una akili inayostahili kusomwa kwa makini, wala si kunakiliwa kwa macho. Ukuta mnene hufaa zaidi nchi kavu, ambako usiku huwa na baridi ya kuupoza. Pwani, ambako tofauti ya usiku na mchana ni ndogo, ukuta mnene pekee hautoshi; kinachompumzisha mtu ni upepo unaopita mwilini. Wazee wa Lamu walikuwa na vyote viwili, uzito chini na wepesi juu. Anayejenga leo Tanga au Malindi hahitaji matumbawe wala boriti, na mikoko yenyewe inahitajika pale ilipo kuulinda ufuo. Anachoweza kukichukua ni upenu mpana, baraza lenye kivuli upande wa magharibi, na madirisha yanayotazamana ili upepo uingie huku na kutoka kule.

Madirisha yana adui wawili wasiosemwa vya kutosha katika mazungumzo ya joto: mwizi na mbu. Familia hufunga dirisha saa moja jioni, saa ileile ambayo hewa ya nje imeanza kupoa, kwa sababu malaria ni hatari ya leo na joto huonekana jambo la kuvumilia. Ushauri wa kufungua madirisha usiotaja mbu ni ushauri wa mtu asiyelala huko. Jibu lipo, lakini linataka fedha: nondo imara, wavu mzuri usiotoboka, na dirisha kubwa kuliko lililozoeleka kwa sababu wavu hupunguza upepo. Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za majaribio zilizobuniwa kwa ajili ya tatizo hili hasa. Vyumba vya kulala viko ghorofani, mbali na joto la ardhi na mbali na njia ya mbu wengi, na kuta zake zimewekwa wavu unaopitisha upepo. Majaribio ya aina hiyo yanafaa kuangaliwa na kila halmashauri inayojenga nyumba za walimu na wauguzi vijijini.

Feni husaidia sana pwani, kwa kuwa hulikausha jasho. Lakini hewa ikiwa kavu na imepita nyuzi 40, feni humpulizia mtu joto badala ya kulitoa, isipokuwa ngozi au nguo ziwe zimeloweshwa. Khanga iliyoloweshwa maji na kukamuliwa, mtu akajifunika nayo mbele ya feni, hufanya kazi ambayo feni peke yake haiwezi. Kiyoyozi ni dawa ya kweli hospitalini, na pia kwa mgonjwa asiyeweza kupona bila ubaridi. Kama njia ya kuuokoa mji mzima hakifai: joto kinalolitoa chumbani hulimwaga uchochoroni kwa jirani, na tayari viyoyozi na feni vinakula karibu asilimia 10 ya umeme wote wa dunia. Gesi zake nyingi zenyewe huongeza joto la dunia, na ilikuwa Kigali, Oktoba 2016, ambako mataifa yalikubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua.

Nje ya nyumba, kivuli ndicho kila kitu. Lami na zege hufyonza jua na kuubakisha mji na joto usiku, wakati kijiji cha jirani kimepoa. Mti hufanya kazi mbili, kivuli na mvuke unaotoka majanini, na hakuna mashine inayofanya yote mawili kwa bei yake. Mji wa Medellín nchini Kolombia ulipanda njia 30 za kijani kando ya barabara na vijito, na joto la maeneo hayo likashuka kwa kama nyuzi 2. Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, ulimteua Eugenia Kargbo mwaka 2021 kuwa ofisa mkuu wa joto, wa kwanza wa cheo hicho barani Afrika. Kati ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwawekea wanawake wa sokoni mapaa ya kivuli juu ya meza zao. Mboga na samaki zilizokuwa zikinyauka na kuoza kabla ya saa sita zilipata nafuu pamoja na wenye kuziuza. Yeyote aliyemwona mama lishe akipika juani huku amejitanda kitenge kichwani ataelewa kwa nini meza ya soko ilitangulia.

Kazi za jua kali zinahitaji sheria, kwa sababu kibarua hawezi kujipangia saa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba ifikapo 2030 joto litaupotezea ulimwengu asilimia 2.2 ya saa zote za kazi. Oman hukataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Qatar huanza katazo saa nne asubuhi, na husimamisha kazi wakati wowote kipimo cha joto na unyevu kikipita nyuzi 32.1. Sheria hizi zinawahusu moja kwa moja maelfu ya Waafrika Mashariki walioajiriwa Ghuba, na kila anayeondoka kwenda huko anastahili kuzijua kabla ya kupanda ndege. Shule nazo zina hesabu yake. Sudan Kusini ilifunga shule zote Machi 2024, na tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzimia Juba. Madarasa mengi ya huko ni ya mabati yasiyo na umeme. Kubadilisha kalenda ili likizo iangukie miezi ya joto ni nafuu kuliko kufunga kwa dharura.

Linabaki suala la upweke, na hapa Ahmedabad inarudi tena. Mwaka 2013 mji huo ulianzisha mpango wa kukabili joto, wa kwanza Asia ya Kusini. Utabiri ukionyesha nyuzi 45 au zaidi, tahadhari nyekundu hutolewa siku kadhaa kabla, kwa ujumbe wa simu, redio na mabango. Vituo vya maji hufunguliwa, wahudumu wa afya hupita mitaani, hospitali huweka barafu tayari. Hatua moja ndogo inaeleza roho ya mpango mzima. Katika hospitali ya Shardaben, wodi ya watoto wachanga ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa. Ilihamishiwa chini, na vichanga waliolazwa kwa sababu ya joto wakapungua. Watafiti waliokuja kupima baadaye walikadiria kuwa mpango huo unaepusha vifo zaidi ya 1,100 kwa mwaka.

Afrika Mashariki ina mtandao ambao Chicago ya 1995 haikuwa nao: mjumbe wa nyumba kumi Tanzania, mzee wa mtaa Kenya, wahudumu wa afya ya jamii, misikiti, makanisa, vikundi vya vikoba. Kinachokosekana ni orodha. Mtaa unaojua mapema ni bibi yupi anaishi peke yake, nani ana kichanga chini ya bati lisilo na dari, nani anatumia dawa za shinikizo la damu, unaweza kuwagongea mlango mara mbili kwa siku tahadhari ikitoka, mara moja mchana na mara moja kabla ya kulala. Msikiti wenye kuta nene, au ukumbi wa shule wenye upepo, unaweza kufunguliwa mchana kwa wasio na pa kujisitiri.

Anayegonga mlango anapaswa kujua la kutazama. Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na misuli kubana ni dalili za mtu anayehitaji kivuli, maji na kupumzika mara moja. Mtu anayeongea maneno yasiyoeleweka, anayepepesuka au aliyezimia, na mwili wake unachoma ukiguswa, amepata kiharusi cha joto, hata kama bado anatoka jasho. Huyo asipewe maji mdomoni akiwa hana fahamu. Apelekwe kivulini, nguo nzito zivuliwe, amwagiwe maji mengi mwili mzima huku akipepewa bila kukoma, na barafu ikiwepo iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Msaada wa hospitali uitwe wakati huohuo, lakini kupozwa kuanze palepale alipoangukia na kuendelee njiani, kwa sababu kila dakika mwili unapobaki juu ya nyuzi 40 ubongo unazidi kudhurika.